Wafungwa wa zamani Uingereza: nani aliwaandikia maombi, na nani aliyasoma?

Swali la msomaji: Nimesoma kwamba wafungwa wa Uingereza kati ya karne ya 16 na ya 18 walikuwa wakipeleka maombi kwa mahakimu, Bunge na hata mfalme, wakilalamikia hali ya magereza. Nimeshangaa. Mtu aliye kifungoni, tena zama zile, alipata wapi kalamu, ujasiri na njia ya kufikisha barua? Na je, kuna lililobadilika, au ndiyo yale ya mnyonge hana haki?

Jibu: Waliandika, tena kwa wingi. Kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti za Uingereza, katika majalada ya mahakama zilizokuwa zikiketi mara nne kwa mwaka, maombi ya wafungwa yamechanganyika na kesi za wizi mdogo na ugomvi wa mipaka. Mengine ni ya mtu mmoja, mengine ni ya gereza zima. Chini ya karatasi utakuta wengine wametia sahihi kwa mwandiko wa kisomi, na wengine wameweka alama tu kwa kuwa hawakujua kuandika. Kwangu mimi hizi ni miongoni mwa nyaraka zenye uhai kuliko zote za wakati ule, kwa sababu mnyonge anasema mwenyewe kilichompata, kwa bei na kwa tarehe.

Mshangao wako nauelewa. Tukisikia gereza tunafikiria ukuta, sare, ugali wa serikali na askari wanaolipwa mshahara. Gereza la Uingereza la mwaka 1600 au 1700 halikuwa hivyo, na bila kujua lilivyoendeshwa, maombi yenyewe hayaeleweki.

Kwanza, wengi waliokuwamo hawakuwa wamehukumiwa kifungo. Mshitakiwa wa wizi au mauaji alikaa mahabusu akisubiri majaji wa mzunguko wafike mjini. Wakishafika, ama aliachiwa, ama alichapwa viboko, ama alinyongwa. Na kuanzia 1718 wengi walisafirishwa kwa meli kwenda kutumikishwa katika makoloni ya Amerika. Waliokaa ndani miaka na miaka walikuwa wadaiwa. Sheria ilimruhusu mdai kumshikilia mdaiwa hadi alipwe, hata kama kwa kumfungia alikuwa anamziba njia ya kupata pesa za kulipa. Humo ndani basi ungekuta fundi seremala, mjane mwenye duka, mfanyabiashara ambaye meli yake imezama, padri, wakili, mchapishaji wa vitabu.

Pili, na hili ndilo kubwa, gereza lilikuwa biashara. Bwana jela hakulipwa mshahara. Aliishi kwa ada alizowatoza waliofungwa. Kulikuwa na ada ya kuingia, ada ya kitanda, ada ya kufunguliwa minyororo na ada ya kutoka. Mtu aliyeonekana hana hatia mbele ya mahakama aliweza kurudishwa ndani kwa sababu tu hajalipa ada ya kutoka. Wafungwa wenzake nao walimdai mgeni pesa ya ukaribisho, na asipokuwa nayo walimvua koti. Katika gereza la Fleet mjini London, jedwali la ada la enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza lilipangwa kwa daraja la mtu: askofu mkuu na mkabaila wa daraja la juu (duke) walilipa zaidi, mtu wa kawaida alilipa kidogo. Cheo chenyewe kiliuzwa kama shamba. John Huggins alinunua usimamizi wa Fleet mwaka 1713 kwa pauni 5,000, na mwaka 1728 akawauzia Thomas Bambridge na mwenzake kwa bei hiyohiyo. Aliyetoa pauni 5,000 anataka zirudi, na pa kuzitoa ni mifukoni mwa waliofungwa.

Sasa utaona kwa nini mfungwa aliweza kulalamika. Alikuwa analipia huduma. Alijua kitanda kilikuwa bei gani chini ya bwana jela aliyepita, alijua mkate wa sadaka unapaswa kuwa na uzito gani, na alijua kwamba juu ya bwana jela yuko mtu mwingine, iwe ni mkuu wa usalama wa kaunti (sheriff), mahakimu wa wilaya au majaji wa mahakama kuu, ambaye kisheria ndiye mwenye dhamana ya lile gereza. Ombi lilimruka bwana jela likaenda kwa huyo. Ni mara chache sana utakuta mfungwa anaandika kwamba kufungwa kwenyewe ni dhuluma. Anachoandika ni kwamba ada imepandishwa kinyume cha desturi, kwamba maji yamekatwa, kwamba wadaiwa wamelazwa chumba kimoja na wezi, kwamba pesa ya sadaka haifiki.

Kuhusu kalamu, usipate taabu. Gereza lililojaa mawakili na wafanyabiashara waliofilisika halikosi waandishi, na asiyejua kuandika alimlipa mwenzake au karani wa mjini. Kuta zilikuwa wazi kuliko tunavyodhani: wake waliingia na chakula na kutoka na nguo chafu, watoto walitumwa, na katika magereza ya wadaiwa familia nzima iliweza kuishi humo humo na baba. Barua ilitoka kwa njia hizo. Katika magereza ya Fleet na Ludgate kulikuwa na dirisha la nondo lililoelekea barabarani, ambapo mfungwa alisimama akiwaita wapita njia wawakumbuke wafungwa maskini. Ukweli ni kwamba bwana jela angepata kazi kubwa sana kuzuia habari isitoke.

Umbo la ombi lilijulikana na kila karani. Juu kabisa ni cheo cha anayeandikiwa, kwa heshima zote. Halafu tamko kwamba waombaji maskini wanaeleza kwa unyenyekevu yafuatayo. Halafu madai moja baada ya jingine. Halafu kinachoombwa. Mwisho kabisa, ahadi kwamba waombaji watamwombea mheshimiwa kwa Mungu siku zote. Wanafunzi wengi wakisoma haya mara ya kwanza hukwama kwenye unyenyekevu huo, wakadhani wanamsoma mtu aliyepiga magoti. Mimi huwaambia waruke salamu waende katikati. Huko ndiko kuna hesabu. Maneno kama "tunaangamia" na "uvundo usiovumilika" yalikuwa ya kawaida, kila mtu aliyatumia, kwa hiyo pekee yake hayathibitishi mengi. Lakini ombi likisema mtu alitozwa shilingi ngapi, na nani, kwa kitu gani, hapo sikiliza, kwa sababu bwana jela naye aliweza kuitwa kujibu.

Nikupe kisa kimoja kwa ukaribu. Mwaka 1656, wakati Oliver Cromwell anatawala, George Fox na wenzake wawili, Edward Pyott na William Salt, walifungwa Launceston, katika kaunti ya Cornwall. Hawa ni Marafiki (Quakers), wale ambao kanisa lao lina waumini wengi magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902. Walipofikishwa mbele ya jaji walikataa kuvua kofia, wakapigwa faini, na hawakuwa tayari kuilipa. Mwanzoni walimlipa bwana jela shilingi saba kwa wiki kila mtu kwa ajili yake mwenyewe, na saba nyingine kwa ajili ya farasi wake. Walipoona kifungo kitakuwa kirefu, wakaacha kulipa. Bwana jela akakasirika, akawashusha kwenye shimo lililoitwa Doomsdale, walikowekwa watu wanaosubiri kunyongwa. Kinyesi cha waliotangulia kilikuwa hakijaondolewa kwa miaka, na katika sehemu nyingine tope lake lilipanda juu ya viatu. Hawakuweza kuketi. Watu wema wa mjini waliwaletea mshumaa na majani makavu kidogo. Wakayachoma majani kupunguza harufu. Moshi ukapanda hadi chumba cha bwana jela, naye akawamwagia uchafu kupitia tundu la juu.

Waliandika kisa chao wakakipeleka kwa mahakimu waliokuwa wakiketi Bodmin. Mahakimu wakakisoma, wakatoa amri: mlango wa Doomsdale ufunguliwe, wafungwa waruhusiwe kusafisha, na wajinunulie chakula chao mjini. Tazama jinsi amri hiyo ilivyo ndogo. Hawakuachiwa, walitoka Septemba mwaka huo baada ya shinikizo jingine lililofika hadi kwa Cromwell mwenyewe. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Waliruhusiwa kuzoa kinyesi kwa mikono yao wenyewe na kula chakula ambacho bwana jela hakupata faida juu yake. Lakini kwa mtu aliyesimama ndani ya uchafu ule usiku na mchana, amri ile ilikuwa tofauti ya kufa na kupona. Maombi mengi yaliyofanikiwa yalifanikiwa kwa kiasi hicho, na mimi sioni sababu ya kukidharau.

Marafiki walikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, nacho ni utaratibu. Waliandika kila kifungo, kila faini na kila kifo katika vitabu vya mateso yao, na mwaka 1659 watu 164 walijitokeza kwa Bunge wakiomba wafungwe badala ya ndugu zao waliokuwa ndani, mwili kwa mwili. Bunge halikukubali.

Usidhani kwamba bwana jela alikaa kimya akichongewa. Kati ya mwaka 1619 na 1621 wafungwa wa Fleet waligombana vikali na msimamizi wao, Alexander Harris, hadi wakaandika mashitaka 19 dhidi yake. Harris alijibu yote, hoja kwa hoja, akieleza kwamba wafungwa ndio waasi, kwamba wanakaa bila kulipa, kwamba wamejifungia vyumbani na kukataa amri. Majibu yake yamehifadhiwa. Ukiyasoma unagundua kwamba upande wake nao ulikuwa na mantiki: asiye na mshahara akikosa ada anakosa chakula, na mdaiwa akitoroka, deni lote linamwangukia yeye. Mfumo ulimfanya kila mmoja awe adui wa mwenzake. Mabwana jela wenyewe pia walipeleka maombi, wakilia kwamba magereza yao yana watu maskini mno.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Marshalsea, ng'ambo ya mto Thames kutoka London. Wafungwa maskini wa gereza hilo waliishi kwa sadaka. Sheria ya mwaka 1601 ya kuwasaidia maskini iliagiza kila kaunti itume angalau shilingi 20 kwa mwaka kwa ajili ya wafungwa wa magereza ya King's Bench na Marshalsea, na juu ya hizo kulikuwa na wasia za watu matajiri waliofariki. Pesa hizo zilipokelewa kwa stakabadhi yenye mhuri wa wafungwa. Mwaka 1722 wafungwa walimchagua Matthew Pugh awe msimamizi wa sadaka. Pugh akaanza kufuatilia, akagundua kwamba kuna sadaka zimekuwa zikichukuliwa kwa kutumia mhuri wa bandia.

Walichofanya wafungwa hapo kinastahili kuangaliwa vizuri. Walichonga mhuri mpya, wakauweka ndani ya sanduku lenye kufuli saba tofauti. Funguo sita walikabidhiwa wanyapara sita, kila mmoja wa chumba chake, na wa saba ukabaki kwa msimamizi. Sanduku halikuweza kufunguka mpaka wote saba wawepo. Hawa ni watu waliokuwa wakilala njaa, na bado walijijengea udhibiti wa fedha ambao vikundi vingi vya kuweka na kukopa vingeutambua leo.

Haukudumu. Mnamo mwaka 1725 bwana jela alilalamika mahakamani kwamba Pugh ni mkorofi, na mahakama ikaamuru asiruhusiwe tena kuingia gerezani. Nafasi yake ikashikwa na karani wa bwana jela mwenyewe, aliyechaguliwa na wale waliokuwa upande wa bwana jela. Sanduku likavunjwa. Ombi la mnyonge lilikuwa limekutana na ombi la mwenye nguvu, tena mbele ya jaji yuleyule.

Matokeo yake yaliandikwa miaka michache baadaye na kamati ya Bunge. Mfungwa wa upande wa maskini pale Marshalsea akishamaliza huruma ya jamaa zake, akauza nguo na matandiko, akala posho yake ya mwisho, alidhoofika kwa njaa ndani ya siku chache. Akishindwa kusimama, na akiweza kupata peni tatu za kumlipa muuguzi wa gereza, alibebwa hadi chumba cha wagonjwa. Huko alijikokota mwezi mmoja au miwili, kisha akafa. Peni tatu. Kulikuwa na chumba cha futi 16 kwa 14, kimo futi 8, kilicholaza watu 32: nusu walilala sakafuni, nusu walining'inia juu yao kwenye vitanda vya turubai kama vya mabaharia.

Hadi hapa nimezungumzia maombi ya gereza moja moja. Kulikuwa na hatua nyingine, nayo ni uchapishaji. Katika miaka ya 1640, udhibiti wa vitabu ulipovunjika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wafungwa wa London walianza kuchapisha maombi yao na kuyagawa kwa wabunge pale Westminster. Ombi lililokuwa siri kati ya mwombaji na hakimu likawa jambo la umma. Mwaka 1649 Bunge likapitisha sheria ya kuwaachia wadaiwa maskini, yaani walioapa kwamba hawana mali ya kufikia pauni tano ukiondoa nguo, matandiko na zana za kazi. Mwaka 1671 ikaja nyingine: wadaiwa watengwe na wahalifu, waruhusiwe kuagiza chakula, bia na matandiko kutoka popote wapendapo, na orodha ya ada ibandikwe mahali panapoonekana. Linganisha na mahakimu wa Bodmin miaka 15 kabla. Yale waliyoomba watu watatu Cornwall, yaani kujinunulia chakula chao, sasa ni sheria ya nchi nzima. Utekelezaji ulikuwa duni, lakini tangu hapo mwombaji alikuwa na kifungu cha kutaja.

Aliyeifikisha mbinu hii mbali zaidi ni Moses Pitt. Alikuwa mchapishaji wa London aliyefilisika kwa mradi wa atlasi kubwa ya dunia, akajikuta Fleet. Badala ya kuandika ombi lake peke yake, aliwaandikia wafungwa wa magereza mengine nchini awaulize hali zao, nao wakamjibu. Mwaka 1691 akatoa kitabu kilichokusanya vilio hivyo, gereza baada ya gereza, pamoja na picha za kuchongwa. Sijui mtu mwingine kabla yake aliyefanya uchunguzi wa magereza ya Uingereza kwa upana huo, na aliufanya akiwa mfungwa, kwa barua. Watu humkumbuka John Howard, mpigania mageuzi ya magereza aliyekuja miaka 80 baadaye, jambo ambalo ni haki, ila Pitt anastahili kutajwa kabla yake.

Sasa nije kwenye mwaka 1729, kwa sababu hapo ndipo unapoona kinachohitajika ili Bunge liamke. Robert Castell alikuwa msanifu majengo, mwandishi wa kitabu kizuri juu ya majumba ya Warumi wa kale, na alikuwa na madeni. Kwa utaratibu wa Fleet, mdaiwa aliyetoa dhamana aliweza kupanga nje, katika mitaa ya jirani. Bambridge alimdai Castell pesa zaidi na zaidi. Ziliposhindikana akaagiza apelekwe kwenye nyumba ya kuwekea wadaiwa ambamo ndui ilikuwa imeingia. Castell alisihi asipelekwe, kwa kuwa hajawahi kuugua ndui na anaiogopa mno. Akapelekwa. Akafa Desemba 1728, akaacha mke na watoto wadogo.

Wengi walikufa kabla yake kwa namna mbaya kuliko hiyo, na maombi yao yamelala. Tofauti ni kwamba Castell alikuwa na rafiki mbunge, James Oglethorpe. Februari 1729 Bunge liliunda kamati chini ya Oglethorpe, nayo ikaingia Fleet kwa miguu yake. Mfungwa mmoja, Sir William Rich, alizungumza nao. Walipoondoka akatiwa minyororo. Bunge likaamuru Bambridge akamatwe. Kamati ikagundua pia kwamba Mreno mmoja, Jacob Mendez Solas, alikuwa amefungwa minyororo ndani ya shimo kwa sababu ya deni tu. Ikasonga hadi Marshalsea, na humo ndimo lilimofichuka lile sanduku la kufuli saba. Hadithi ya Pugh tunaijua kwa sababu kamati iliiandika. William Hogarth, ambaye baba yake aliwahi kufungwa Fleet kwa deni, alichora kikao cha kamati hiyo: wabunge wamevaa mawigi, mfungwa amepiga magoti na chuma mwilini, Bambridge amesimama pembeni.

Kesi zikafuata. Bambridge, Huggins na William Acton wa Marshalsea walishitakiwa kwa mauaji. Acton alikabiliwa na kesi nne, mojawapo ya Thomas Bliss, seremala aliyejaribu kutoroka kwa kamba kwa sababu ya njaa, akapigwa, akafungwa chuma kichwani na vidoleni. Wote watatu walitolewa bila hatia. Bambridge alipoteza cheo kwa sheria maalumu, na jedwali jipya la ada likatengenezwa. Hayo ndiyo yaliyopatikana. Oglethorpe aligeukia mpango wa kuanzisha koloni la Georgia, lililopewa hati mwaka 1732.

Kuna jambo jingine lililowafanya wakubwa wasikilize, nalo ni woga. Homa ya jela, ambayo leo tunajua huenezwa na chawa, haikuwa na heshima kwa cheo. Mwaka 1577 pale Oxford ilitoka kwa mahabusu ikaingia mahakamani. Walikufa watu wapatao 300, akiwamo jaji mkuu wa mahakama ya hazina. Mwaka 1750 ikarudia London katika mahakama ya Old Bailey, ikaua meya wa jiji, majaji wawili na watu wengine zaidi ya 40. Baada ya hapo gereza la Newgate likawekewa mtambo wa kupitisha hewa juu ya paa. Waombaji walilijua hili vizuri, na ndiyo maana maombi mengi yanataja hatari ya uvundo kuenea mjini. Walikuwa wanamwambia hakimu kwamba jambo hili litamfikia na yeye.

Kwa hiyo, je, mnyonge alikuwa na haki? Ukipima kwa ombi moja moja, wengi hawakupata walichoomba, na baadhi waliongezewa minyororo kwa kuandika. Lakini ukipima kwa muda mrefu, karibu kila kipengele cha sheria zilizokuja baadaye kilikuwa kimeandikwa kwanza na wafungwa: mshahara kwa bwana jela, ada zifutwe, wagonjwa watengwe, maji, hewa. John Howard alipokuwa mkuu wa usalama wa Bedfordshire mwaka 1773 alikuta watu waliokwisha kuachiwa na mahakama wanarudishwa ndani kwa ada. Akawaomba mahakimu wa kaunti wamlipe bwana jela mshahara. Wakamuuliza ni kaunti gani nyingine inafanya hivyo. Akapanda farasi kwenda kutafuta mfano kwa majirani, hakuupata, akaendelea nchi nzima. Mwaka 1774 Bunge lilifuta ada kwa walioonekana hawana hatia na likaagiza kuta zipakwe chokaa kila mwaka. Howard alichapisha nakala za sheria kwa pesa zake akawapelekea mabwana jela. Kitabu chake kikatoka 1777. Ada zenyewe zilifutwa kabisa mwaka 1815.

Howard alikuwa mtu huru, tajiri, na aliingia gerezani kwa hiari. Waliotangulia kusema yaleyale hawakuwa na nafasi hiyo, na hapo ndipo ninapotofautiana na vitabu vinavyoanza hadithi ya mageuzi ya magereza mwaka 1773.

Kwa kuwa umeuliza kama kuna lililobadilika, nikuonyeshe moja lililobaki na kutufikia hata sisi. Sheria ya mwaka 1759 ilisema mdai anayetaka mdaiwa wake maskini aendelee kukaa ndani amlipie peni nne kwa siku za chakula. Howard alikuta kwamba ukiondoa kaunti za Middlesex na Surrey, wadaiwa waliofanikiwa kuzipata peni hizo hawakufika 12 katika Uingereza yote na Wales. Wazo lenyewe halikufa. Sheria za mwenendo wa kesi za madai za Kenya na Tanzania bado zinaruhusu mdaiwa kufungwa, kwa muda usiozidi miezi sita, na zinamtaka mdai aliyeomba afungwe atoe posho ya kumlisha. Posho ikikoma, mlango unafunguliwa na mdaiwa anakwenda zake.